Orodha ya Jumatano

Bi. Ondego aliibandika ukutani kwa pini nne,
moja kila pembe, kama anayehofia upepo
katika ukumbi usiofunguliwa madirisha tangu vuli.
*Wasichana wa kidato cha tano, chagueni.
Kila Jumatano, saa nane hadi saa kumi,
jambo lisilokuwemo katika mtihani.*

Lisilokuwemo! Tulicheka.
Nani amepanda Kileleshwa na sanduku la bati kichwani
ili asomee kitu kisicho na alama?

Kulikuwa na mdahalo. Sataranji. Kifaransa.
Kulikuwa na kuwaandikia barua wazazi wa Pumwani.
Kulikuwa na darubini, moja tu,
zawadi ya balozi fulani, kioo chake kina ufa.
Niliitaka darubini.
Siku hizo anga ya Nairobi ilikuwa bado
na nyota za kutosha kugombaniwa.
Lakini Nyaguthii ana miguu mirefu,
na Zuhura alikuja kalamu mkononi,
na nilipofika mbele mistari yote imejaa
ila mmoja, chini kabisa, mweupe kama shuka ya mgeni:
*Mabomba. Bw. Kilonzo. Njooni na nguo kuukuu.*

Nikaandika jina kwa herufi ndogo,
kama anayetia saini deni la mwenzake.

Tulikuwa wawili: mimi,
na Chelagat, aliyecheleweshwa na jino.
Bwana Kilonzo hakutukaribisha.
Alitupa spana, akaonyesha mfereji wa jikoni
uliokuwa ukidondoka tangu muhula wa kwanza.
"Kwanza funga maji," akasema.
"Wenye akili nyingi ndio husahau hilo."

Baba aliandika kutoka Kakamega:
*Nilikupeleka ukasomee uhandisi, si kukaza nati.*
Sikumjibu. Kucha zangu zilikuwa na grisi,
na barua ingechafuka.

Mwaka wa pili tulikuwa kidato cha sita cha mwisho.
Si mwisho wetu tu, mwisho wa wote.
Serikali ilishakifuta kidato chetu,
ikawa inakunja mkeka sisi tukiwa tumeukalia.
Hakuna aliyerekebisha kitu tena. Bweni letu
lingekuwa stoo ya madawati Januari.
Rangi ikabambuka, balbu zikafa moja moja,
na Novemba, siku tisa kabla ya Fizikia,
bomba la juu likapasuka saa tisa usiku.

Madaftari ya miaka miwili yalikuwa chini ya vitanda.
Bi. Ondego alitoka na kilemba cha kulalia,
akiuliza nani anajua, nani ana, nani aitwe.
Mimi na Chelagat hatukumsikia.
Tulikuwa nyuma ya chumba cha kufulia,
magoti matopeni, mikono minne kwenye valvu moja
yenye kutu kuliko sisi tulivyo na umri.
Ikakataa.
Ikakataa.
Ikalia kama mbuzi, ikageuka.

Kulipotulia tulifunga kiungo kwa mwanga wa tochi ya Zuhura.
Wengine walianika kurasa kwenye kamba za nguo:
moyo wa ng'ombe na vali zake,
mahitaji na ugavi, Vita vya Krimea,
vyote vikibanwa kwa vibanio vya soksi.
Hakuna aliyerudi kulala. Walisoma wakitembea,
shingo juu, kamba hadi kamba.

Ndipo Nyaguthii akaleta darubini.
Hakusema neno. Aliielekeza, akanipisha.
Nikainama, maji yakinitiririka viwikoni.
Mshtarii. Na kwa ajili ya ule ufa,
Mshtarii mbili, bega kwa bega,
moja ikitetemeka kidogo kuliko nyingine.

Asubuhi alikuja Bwana Kilonzo.
Alipita chini ya moyo wa ng'ombe bila kuutazama,
akapanda ngazi, akagusa kiungo kwa kidole,
akakiangalia kidole.
Kikavu.
Akakaza robo mzunguko, kwa heshima tu,
akaenda kunywa chai.